Hesabu na Hisabati: Dhana na Mazoezi katika Kisomo cha Watu Wazima

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu: hesabu na hisabati. Hisabati limekuwa jina la somo na la taaluma. Hesabu limebaki na kazi zake za zamani, yaani kujumlisha na kutoa, daftari ya mwenye duka, na hata ule wajibu wa mtu aliyekabidhiwa mali ya wenzake, ambaye siku moja hutakiwa atoe hesabu. Mgawanyo huu wa maneno unalingana, bila ya kukusudiwa na mtu, na mgogoro ambao umewatenga wafundishaji wa watu wazima kwa muda mrefu. Upande mmoja wasema kwamba mtu mzima hana wakati wa nadharia: apewe zile kanuni nne, azifanyie mazoezi hadi mkono uzizoee, kisha arudi shambani kwake. Upande wa pili wasema kwamba kanuni isiyo na maana ni maneno ya kasuku: mwanafunzi afahamishwe kwanza dhana, na mazoezi yatajifuata yenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgogoro huo umewekwa vibaya. Pande zote mbili zinamchukua mwanafunzi mzima kana kwamba amefika darasani mikono mitupu, na pande zote mbili zimeisahau lugha ambayo kwayo dhana na kanuni humfikia. Kosa hilo la pili ndilo linalowahusu hasa wanazuoni wa lugha, kwa kuwa dawa yake haimo mikononi mwa walimu wa hisabati peke yao.

1. Asili ya Mgogoro

Ubishi wenyewe haukuzaliwa Afrika Mashariki. Huko Marekani, Edward Thorndike alichapisha mwaka 1922 kitabu juu ya saikolojia ya hesabu, akaieleza elimu ya nambari kuwa ni mfungamano wa mazoea unaokazwa kwa kurudiarudia. Mwaka 1935 William Brownell alimpinga, akashikilia kwamba hesabu ni mfumo wa maana kabla ya kuwa fungu la mazoea. Katika mwaka 1976 Richard Skemp wa Uingereza alitofautisha ufahamu wa aina mbili: ule wa kujua la kufanya, na ule wa kujua la kufanya pamoja na sababu yake.

Katika shule za Afrika Mashariki mizani iliegemea upande wa dhana kwa muda. Mikutano ya waandishi iliyoanza Entebbe, Uganda, mwaka 1962 ilitoa vitabu vya ile iliyoitwa hisabati mpya, ambamo mtoto alianzishwa na seti na sifa za nambari kabla ya kuzoea majedwali. Kenya iliiacha hisabati hiyo mwaka 1981, na malalamiko makubwa ya wazazi na walimu yalikuwa kwamba watoto wanaweza kutaja majina ya sifa za nambari lakini hawawezi kukokotoa. Somo la tukio hilo lafaa kukumbukwa na kila mtu anayehubiri dhana peke yake, kwani dhana isiyofanyiwa kazi hugeuka nayo kuwa neno la kukariri.

Katika elimu ya watu wazima mizani iliegemea upande mwingine. Tanzania iliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1968, mradi uliosaidiwa na Unesco ulikuwa umekwisha kuanza katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vya mradi huo vilijengwa juu ya kazi za watu: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi, na maarifa ya nyumbani. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka watu 67 katika kila mia mwaka 1967 hadi chini ya 10 katika kila mia mwaka 1986. Hii ni kazi kubwa ambayo mataifa machache yameifanya kwa muda mfupi hivyo. Kenya nayo ilianzisha kampeni yake ya taifa mwaka 1979, na madarasa ya ngumbaru yakaenea vijijini. Hata hivyo, mtu akitazama hesabu ilivyopewa nafasi katika masomo ya aina hii, aghalabu huiona ikija nyuma ya kusoma na kuandika, kama mkia. Habari ya pamba ilikuwa na maana kwa mkulima. Ukurasa wa hesabu uliofuata uliweza kuwa safu za tarakimu zisizo na pamba, wala ratili, wala shilingi.

2. Anachokijua Mwanafunzi Mzima

Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa nambari pamoja na ulimwengu. Mtu mzima anao ulimwengu tayari, na ndani yake zimo nambari nyingi. Mifano mitatu yatosha.

Wa kwanza ni saa. Msemaji wa Kiswahili akitazama saa ya ukutani ambayo mshale wake mfupi umefika 8 asubuhi, husema ni saa mbili. Ukifika 3 alasiri, husema ni saa tisa. Mara ya kwanza ametoa sita, mara ya pili ameongeza sita, na kama hakufanya hivyo basi amesoma tarakimu inayoukabili mshale upande wa pili wa duara. Njia zote huleta jibu moja kwa sababu nambari za saa huzunguka na kurudi zinapotimia kumi na mbili. Hii ni dhana ambayo wanahisabati wameipa jina na sura yake vitabuni. Mkulima wa Kilifi huitumia kila siku bila ya kufundishwa na mwalimu yeyote, na wala hakosei.

Wa pili ni vipimo. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na frasila ilikuwa kiasi cha kilo kumi na sita. Mwanamke aliyepima nafaka kwa kibaba kwa miaka thelathini anajua nusu na robo ni nini, na anajua kwamba kibaba cha kufutwa na kibaba cha kilele si kimoja. Anajua pia kwamba kipimo kikiwa kidogo, idadi ya vipimo huwa kubwa. Hiyo ndiyo roho ya somo la sehemu, nalo ni somo linalowashinda wengi shuleni.

Wa tatu ni mirathi. Katika jamii za Kiislamu za pwani, mtu ambaye hakusoma skuli hata siku moja anaweza kueleza kwamba mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, na kwamba fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya fungu la mtoto wa kike. Mume akiacha mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili, na mali ya shilingi 96,000 baada ya madeni kulipwa, mke atapata 12,000. Zinazobaki, 84,000, zitagawanywa mafungu manne ya 21,000: mwana atachukua mawili, na kila binti moja. Mzee atakayeshindwa kuiandika kazi hii kwenye daftari ataitambua mara moja iwapo imeharibiwa, maana anajua jumla ya mafungu yote sharti irudi kuwa mali nzima.

Utafiti wa mahali pengine unaliunga mkono jambo hili. John Gay na Michael Cole, katika kazi yao ya mwaka 1967 juu ya Wakpelle wa Liberia, walikuta kwamba watu wazima wasiosoma waliwashinda Wamarekani katika kukadiria vikombe vya mchele vilivyomo ndani ya chombo. Huko Recife, Brazili, watafiti walioandika mwaka 1985 waliwapima watoto watano waliouza bidhaa barabarani. Walipoulizwa maswali katika biashara yenyewe, majibu sahihi yalikuwa 98 katika kila mia. Walipopewa nambari zile zile kama hesabu tupu za kuandikwa, majibu sahihi yalishuka hadi 37 katika kila mia. Nambari hazikubadilika. Kilichobadilika ni njia ya kuuliza, na pamoja nayo njia ya kufikiri. Hapa Kenya, uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wazima wanaojua kusoma na kuandika walikuwa 61.5 katika kila mia, na wanaojua kuhesabu 64.5. Tofauti si kubwa, lakini mwelekeo wake wastahili kutazamwa: wapo watu ambao nambari imewafikia kabla ya herufi.

Kwa hiyo anayesema kwamba mtu mzima afundishwe dhana kwanza hana budi kuulizwa: dhana ipi, ambayo hanayo? Naye asemaye kwamba apewe mazoezi tu hana budi kuulizwa: kwa nini mazoezi hayo hayaigusi elimu aliyokuja nayo?

3. Lugha ya Kitabu

Jibu la maswali yote mawili limo, kwa sehemu kubwa, katika lugha. Litazamwe neno zidisha. Katika usemi wa kila siku, kuzidisha ni kuongeza au kupita kiasi: mtu huzidisha chumvi, huzidisha bei, huzidisha maneno. Katika kitabu cha hesabu neno hilo limepewa kazi nyingine. Mwanafunzi anapoambiwa azidishe 8 kwa nusu, halafu jibu likawa 4, anaona kwamba mwalimu amemwambia aongeze na yeye amepunguza. Mtoto huenda akalipokea hilo kama desturi ya shule. Mtu mzima aliyeishi na lugha yake miaka arobaini atasita, na ana haki ya kusita.

Lakini mambo hayaishii hapo. Ikiwa Ali ana mbuzi 12 na Juma ana 7, swali la kawaida la Kiswahili ni hili: Ali amemzidi Juma kwa mbuzi wangapi? Mwanafunzi husikia shina lile lile la kuzidi, na mkono wake huvutwa kwenye alama ya kuzidisha, ilhali kazi inayotakiwa ni kutoa. Na neno kutoa nalo halimsaidii, kwa sababu katika habari hii hakuna aliyetoa kitu: mbuzi wote wamo mazizini mwao. Hivyo shina moja linatumika kwa kuongeza katika usemi, kwa kuzidisha katika kitabu, na kwa swali ambalo jibu lake hupatikana kwa kutoa. Akikosa, mwanafunzi huandikiwa kwamba hajui hesabu, ilhali kosa lake limetokana na kukijua Kiswahili.

Kugawanya kuna taabu ya namna hiyo. Katika maisha, kugawanya ni kuwapa watu mafungu, wala si lazima yawe sawa. Mirathi yenyewe ni ushahidi. Mwanafunzi akiambiwa agawanye 6 kwa nusu, haoni ni nani wa kupewa. Lakini muuza nafaka akiulizwa pishi sita zitajaza vipimo vingapi vya nusu pishi, hujibu kumi na viwili bila ya kalamu. Swali ni lile lile. La kwanza limesemwa kwa lugha ya kitabu na la pili kwa lugha ya mizani.

Sarufi nayo ina neno lake. Katika Kiswahili, nambari moja hadi tano na nane huchukua upatanisho wa nomino: vibaba vitatu, watu watatu, mawe matatu. Katika kuhesabu kutupu husemwa tatu, bila ya kiambishi. Kwa nambari ya pili badiliko ni kubwa zaidi, kwani wawili na viwili hugeuka kuwa mbili. Wanaisimu wamezoea kulieleza jambo hili kama kanuni ya upatanisho na kuishia hapo. Lakini kwa mwalimu wa kisomo lina uzito mwingine. Kutoka vibaba vitatu hadi tatu ni kutoka katika nambari iliyo sifa ya kitu hadi katika nambari iliyo kitu chenyewe, na hiyo ndiyo dhana ya kwanza ya hisabati yote. Kiswahili kinaionyesha hatua hiyo wazi kwa kudondosha kiambishi. Huu ni msaada mkubwa kwa mwalimu, lakini kitabu kinachoanza ukurasa wa kwanza na tatu jumlisha tano kimeiruka hatua yenyewe.

Yapo pia majina ya nambari kubwa. Mswahili husema mia mbili: hutaja mahali kwanza, kisha idadi. Tarakimu husema 2 na kuliacha jina la mahali kimya, mahali hapo pajulikane kwa nafasi tu. Mwanafunzi anayeandika 1005 kwa mia moja na tano hakufanya uzembe. Ameandika alivyosikia, mia moja kisha tano. Hata akiandika kurasa ishirini za mazoezi ya kujumlisha hatarekebishika, maana kosa halimo katika kujumlisha. Atarekebishwa na safu tatu za mamia, makumi na mamoja, na noti za mia pamoja na sarafu za kumi na za shilingi moja zikipangwa juu yake, ili aone kwa macho kile ambacho maandishi yamekinyamazia.

Penye fedha nyingi hatari huwa kubwa zaidi. Elfu mia mbili na tano ni kiasi gani? Wapo watakaoandika 200,005, na wapo watakaoandika 205,000, na wote wana haki kwa masikio yao. Katika mauziano ya kiwanja tofauti hiyo ni shilingi 5,000 kasoro tano. Kiswahili kilikuwa na dawa, nayo ni neno laki: laki mbili na tano ni kitu kimoja, na laki mbili na elfu tano ni kingine. Neno hilo likiachwa nje ya kitabu cha kisomo, mwanafunzi ananyang'anywa chombo kinachofaa kwa kazi hiyo hiyo. Kinyume chake, thumuni lina mtego wake: katika mirathi ni sehemu moja ya nane, na madukani lilikuwa jina la sarafu ya senti hamsini, yaani nusu ya shilingi. Mwalimu asiyelijua hilo anaweza kufundisha somo zima la sehemu na wanafunzi wake wakasikia somo jingine.

4. Mahali pa Mazoezi

Baada ya kusema hayo, yafaa ijulikane kwamba elimu ya sokoni ina mipaka yake. Anayejua robo na nusu hajui kwa sababu hiyo desimali. Anayejua bei ya pishi hajui riba. Na riba ndiyo inayomkuta mwananchi wa leo katika chama, katika ushirika, na hata katika simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007.

Uchukuliwe mfano wa mkopo wa shilingi 6,000 unaolipwa shilingi 600 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi atazidisha na kupata 7,200, atatoa na kupata faida ya 1,200, na ataona kwamba hiyo ni 20 katika kila mia ya 6,000. Kila hatua yake ni sahihi, lakini bado hajauelewa mkopo. Mkopaji hakukaa na shilingi 6,000 mwaka mzima. Kila mwezi alirudisha 500 za deni pamoja na 100 za faida. Deni lake lilikuwa 6,000 mwezi wa kwanza, 5,500 mwezi wa pili, hadi 500 mwezi wa mwisho, na wastani wake ni 3,250. Faida ya 1,200 juu ya 3,250 ni karibu 37 katika kila mia. Mkopo huo unamgharimu karibu mara mbili ya alivyodhani.

Mfano huu unazihukumu pande zote mbili za mgogoro. Mazoezi ya kuzidisha peke yake yasingemfikisha huko kamwe, maana yasingemfanya aulize deni lilikuwa kiasi gani mwezi wa saba. Lakini dhana ya deni linalopungua, ikielezwa kwa maneno matupu, haimwachii kitu cha kushika. Ni pale anapoziandika nambari kumi na mbili, akazijumlisha na kuzigawanya kwa mkono wake, ndipo anapoona. Mazoezi ndiyo macho ya dhana. Utafiti wa baadaye juu ya watoto, kama ule wa Rittle-Johnson na Alibali wa mwaka 1999, umeonyesha kwamba ufahamu na ustadi hukuzana kwa zamu, kila mmoja ukimwinua mwenzake. Mafundi wa zamani walilijua hilo: hakuna seremala aliyefundishwa randa kwa hotuba, wala aliyerandaranda mbao miezi sita bila ya kuambiwa mlango utakaa wapi.

Kinachostahili kulaumiwa, basi, ni zoezi lisilouliza kitu. Safu ya hesabu ishirini za namna moja humfundisha mwanafunzi kwamba akishaijua ya kwanza hana haja ya kufikiri tena. Safu ya hesabu sita, ambamo moja inataka kutoa ingawa neno lake ni kuzidi, na nyingine ina jibu lisilowezekana ambalo mwanafunzi atakiwa alikatae, humfundisha zaidi kwa karatasi ndogo. Mtu mzima ana uwezo wa kulikataa jibu lisilowezekana kuliko mtoto, kwa kuwa anajua bei ya sukari. Uwezo huo ni rasilimali, na kitabu kinachouzima kinamrudisha nyuma.

5. Hitimisho

Wajibu wa idara za lugha katika jambo hili ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi Tanzania mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo, kazi ya istilahi imefanywa kwa bidii, na somo la hisabati limepata maneno yake. Lakini istilahi zilikusudiwa kwanza mtoto wa shule, ambaye hulipokea neno pamoja na dhana yake. Mtu mzima huja na neno ambalo tayari limejaa maana. Kumtungia orodha ya istilahi bila ya kuzipima dhidi ya usemi wake ni kumjengea nyumba juu ya msingi wa nyumba nyingine.

Kazi tatu zinahitajiwa. Ya kwanza ni kukusanya maneno ya kupimia, kugawia na kulinganisha kama yanavyotumika masokoni, mashambani, baharini na katika mirathi, kabla hayajasahauliwa pamoja na vipimo vyake. Na katika Kenya kazi hiyo haiwezi kuishia katika Kiswahili, kwa sababu madarasa mengi ya kisomo yalianza kwa lugha za mama. Ya pili ni kuyachunguza maneno ya vitabu moja moja, kama yalivyochunguzwa hapa zidisha na toa, ili ijulikane mwanafunzi anasikia nini anapoyasikia. Ya tatu ni kuandika maswali yenyewe kwa Kiswahili kinachosemwa na watu, kisha kulipeleka swali lile lile hatua kwa hatua hadi kwenye alama, ili alama iwe ufupisho wa jambo lililofahamika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutajwa mara nyingi kuwahimiza watu waende kisomoni, na yafaa. Lakini daftari isiyosomeka na mwenye mali ni sawa na kukosa daftari, na wapo waliohitimu kisomo ambao daftari zao bado husomwa na wengine: karani wa ushirika, mwenye mizani, mkopeshaji. Watu hao walipewa hesabu wakanyimwa hisabati, na sehemu ya lawama hiyo inawaangukia walinzi wa lugha waliodhani kwamba nambari haziwahusu.